Krismasi nyumbani na watoto wadogo: kazi za mikono kuanzia tarehe 21

Ninafundisha chekechea, na nyumbani nina wawili, wa miaka mitatu na wa sita. Desemba nyingi hutukuta barabarani kwenda Moshi. Mwaka nauli ilipotushinda tukabaki Kimara, Dar es Salaam, na ndipo nilipoona kwamba siku ya Krismasi yenyewe haina shida: kuna kanisa, nguo mpya na pilau. Shida ni siku nne zinazoitangulia. Shule zimefungwa, mama yuko sokoni, na mtoto anauliza kila mara, "Ni leo?"

Mwongozo huu nimeupanga kwa tarehe kwa sababu moja: kukauka. Kazi nyingi za watoto huharibika kwa kuwa mtu mzima ameanza tarehe 24 jioni, udongo mbichi, gundi mbichi, na watoto wamechoka.

Tarehe 21 asubuhi: mapambo ya unga wa chumvi

Andaa vikombe 2 vya unga wa ngano, kikombe 1 cha chumvi laini, na maji kiasi cha robo tatu ya kikombe. Pima vyote kwa kikombe kilekile. Kama una chumvi ya mawe, itwange kwanza, la sivyo mapambo yatakuwa na chunusi.

Changanya vikavu, kisha mimina maji kidogo kidogo huku mtoto akikanda. Bonge likiwa tayari halinati vidoleni. Mtoto wa miaka mitatu atakanda dakika mbili, halafu ataanza kupika ugali wa kuigiza. Mwache, malizia wewe. Mwambie mapema kwamba unga huu hauliwi, na ukae karibu naye. Chumvi nyingi namna hii ni hatari kwa mtoto mdogo, hata akila kipande tu.

Sukuma kwa kifimbo cha chapati, unene wa nusu sentimita. Mwembamba zaidi huvunjika, mnene hupasuka wakati wa kukauka. Kata miduara kwa mdomo wa glasi. Nyota nazikata mimi kwa kisu, watoto wanazichora kwa njiti ya kiberiti iliyovunjwa kichwa. Toboa tundu la uzi kwa mrija wa soda, mbali kidogo na ukingo. Hili la tundu usilisahau. Mwaka wa kwanza nilikuwa na nyota ishirini zilizokauka vizuri na zisizo na pa kuning'inizia.

Ukitaka rangi bila kununua rangi, tia kijiko kimoja cha bizari ya manjano kwenye nusu ya unga kabla ya maji. Nyota zitatoka njano zenyewe. Nimejaribu pia maji ya viazi sukari vyekundu: siku ya kwanza yanapendeza, baada ya jua ni kama kutu.

Bonge la mwisho lihifadhi kwa kiganja. Mtoto abonyeze mkono wake, wewe uandike mwaka nyuma kwa ncha ya uma.

Kuanika: panga kwenye ungo, siku ya kwanza kivulini penye upepo. Jua kali la moja kwa moja hukausha juu, huku chini kukiwa bado kubichi, na pambo linajikunja kama papadi. Siku ya pili na ya tatu toa juani, geuza mchana, na magharibi ingiza ndani kwa sababu ya umande na mvua za vuli zinazochelewa kuondoka. Wenye oveni, nyuzi 100 kwa saa mbili hadi tatu. Gonga kwa ukucha: likilia kama kigae, limekauka.

Tarehe 22: mti

Huku pwani tunatumia tawi la mvinje. Usiende kulikata popote. Muulize anayepogoa mtaani. Kule milimani wana misaipresi, yenye harufu nzuri zaidi, lakini mvinje una mchezo wake. Yale yanayoonekana kama majani membamba ni vijiti vyenye vipingili. Mpe mtoto kimoja, avute taratibu, kitaachana kwenye kiungo, kisha ajaribu kukiunganisha tena bila mwenzake kuona palipokatika. Wangu walikaa na mchezo huo karibu saa nzima, nami nikapata kupiga deki.

Simamisha tawi kwenye ndoo ya mchanga uliolowekwa na kuzungushia mawe. Kama una mtoto anayetambaa, weka mti juu ya meza pembeni ya ukuta, na waya za taa zifungwe nyuma asikozifikia. Mishumaa karibu na mvinje unaokauka, hapana.

Tarehe 23: pango

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi. Desturi hii ya kutengeneza pango la kuzaliwa Yesu inahusishwa na Fransisko wa Asizi, aliyeandaa pango huko Greccio, Italia, mwaka 1223, akiwa na wanyama hai. Sisi tuna boksi la sabuni.

Laza boksi kwa ubavu, uwazi ukutazame. Watoto wapake gundi juu na kubandika majani makavu ya mgomba yaliyochanwa. Zamani nilitumia gundi ya uji wa ngano. Sisimizi walikuja kuhiji kabla ya mamajusi. Sasa nanunua gundi nyeupe ya dukani.

Watu tunawatengeneza kwa magunzi ya mahindi. Gunzi moja ni mtu mmoja: kata chini liwe bapa lisimame, vika kipande cha kitenge (omba mabaki kwa fundi cherehani, hawabanii), funga uzi kiunoni. Kichwa ni kibonge cha unga wa chumvi kilichobaki, au acha ncha ya gunzi hivyo hivyo. Usichore uso kwa niaba ya mtoto. Mwaka jana Yosefu wetu alikuwa na macho matatu na alikaa nayo hadi Januari.

Ng'ombe na kondoo ni wa udongo wa mfinyanzi. Wape miguu mifupi na minene, kwani miguu mirefu inakatika na mtoto atalia.

Hori litengeneze kwa kiberiti kitupu kilichojazwa nyasi, na liache tupu. Mtoto Yesu anafichwa kabatini mpaka usiku wa mkesha. Na mamajusi usiwaweke pangoni bado. Waanzie mbali, tuseme juu ya friji, na kila asubuhi mtoto mmoja awasogeze hatua moja. Mkubwa wangu aliuliza kwa nini tuna wanne. Nikamsomea Mathayo: zawadi zimetajwa tatu, dhahabu, uvumba na manemane, lakini idadi ya watu haikutajwa. Wanne wakabaki.

Tarehe 24: visheti na sahani za majirani

Unga vikombe 3, samli vijiko 4 vya chakula, iliki, chumvi kidogo. Sugua samli kwenye unga, kanda kwa tui la nazi hadi unga uwe mgumu kidogo. Kila mtoto apewe vibonge vidogo kama karanga. Abonyeze kimoja kimoja mgongoni mwa uma na kukikunja. Kinatoka kama kombe lenye mistari. Watoto wakishamaliza kufinyanga, watoke jikoni. Kukaanga na kupika shira ni kwa mtu mzima: sukari kikombe 1 na maji nusu, ichemke hadi ivutike kama uzi, kisha geuza visheti ndani yake mpaka sukari ivigandie nyeupe.

Watoto warudi kwa kazi wanayoipenda kuliko zote, kupeleka sahani. Jirani yetu Mwislamu hutuletea biriani Idi, na sahani yake huwa haijarudi tupu. Mfundishe mtoto kubisha hodi, kuamkia shikamoo kwanza, kisha kutoa kwa mikono miwili. Jioni funga kila mtoto khanga kichwani mwigize safari ya kwenda Bethlehemu kutoka chumbani hadi sebuleni, mkigongea milango ambayo wajomba na mashangazi wanakataa kuifungua. Yesu atolewe kabatini mwishoni.

Tarehe 25 sina kazi ya kukupa. Mna pilau.

Mamajusi wafike pangoni tarehe 6 Januari, Epifania. Siku hiyo vunja boksi, magunzi yaende jikoni kuwashia moto, na mapambo ya unga yafungwe kwa gazeti ndani ya kopo la biskuti lenye mfuniko unaobana. Unyevu wa pwani huyalainisha, kwa hiyo Desemba ijayo yaanike juani nusu siku kabla ya kuning'iniza. Viganja weka juu kabisa, kwa sababu mtoto atavitaka kwanza, apime mkono wake.