SOMO: Funga swichi ya siri kwenye pikipiki yako

Loki ya usukani peke yake haitoshi. Mwizi anausukuma usukani kwa mguu, pini inakatika. Anachomoa soketi ya swichi ya funguo, anapiga kiki, anaondoka. Yangu iliibiwa hivyo mchana kweupe, nikabaki na funguo mkononi. Sitaki likupate.

HATUA YA 1: Swichi ya siri
Hapa ndipo penye kazi. Pikipiki nyingi ndogo za kiki huzimwa kwa waya wa CDI (kifaa kinachotuma umeme wa cheche ya plagi) ambao swichi ya funguo huugusisha kwenye bodi ya pikipiki. Soketi ikichomolewa, hakuna tena cha kuzima injini, ndiyo maana inawaka bila funguo. Ukiweka swichi yako kwenye waya huo, hujafanya kitu.

Tafuta waya wa palsa, yaani unaoiambia CDI lini itoe cheche, unaotoka pembeni ya magneti kwenda CDI. Ukate, unga swichi katikati. Ukiizima, plagi haitoi cheche hata mwizi apige kiki mpaka jasho limtoke. Maungio yakaze na yafunikwe yasipate maji, kwa sababu waya ukilegea injini itakuzimikia barabarani.

HATUA YA 2: Mnyororo
Upitishe kwenye rimu ya nyuma, chesisi na nguzo. Tairi la mbele linafunguliwa haraka, usilitegemee. Mnyororo usilale chini: sakafu ngumu inakuwa fuawe ya mwenye nyundo.

HATUA YA 3
Piga picha namba ya chesisi na ya injini leo hii.

MASWALI

– Mkuu, mimi hufunga koki ya mafuta tu. Haitoshi?
Haitoshi, ndugu. Mafuta yaliyobaki kwenye bakuli la kabureta yanamfikisha mwizi mbali na macho yako.

– Yangu haina kabureta, ina pampu ndani ya tanki.
Usiguse waya wa palsa. Weka swichi kwenye waya unaopeleka umeme kwenye pampu, na umpe fundi wa umeme aifanye.

– Nilisahau kufungua kufuli la diski ya breki, nikaondoka, nikaanguka.
Pole sana. Funga kamba ya rangi kali kutoka kwenye kufuli hadi kwenye mshikio wa usukani. Mkono ukienda kwenye klachi, utaigusa.

– Nikiweka GPS bado nahitaji mnyororo?
Ndiyo. GPS inakuonyesha ilipo baada ya kuibiwa, na wezi wakiibeba juu ya gari, swichi ya siri haiwazuii. Mnyororo kwenye nguzo unawazuia.