Mtoto mzito kliniki: pima urefu kabla ya kusema neno

Kliniki nyingi za Unguja na Pemba humpima mtoto kwa kilo, zikaandikwa kwenye kadi, na mama akaambiwa aendelee vivyo hivyo. Kwa kumtafuta mtoto aliyekonda, njia hiyo inasaidia. Kwa mtoto aliyezidi uzito haitoshi. Watoto wawili wa miaka mitatu na nusu, kila mmoja kilo 17: mwenye sm 104 yuko sawa, mwenye sm 92 ameshapita kiasi.

Anza na miguu. Bonyeza kwa dole gumba upande wa juu wa nyayo zote mbili, si chini, kwa sekunde 3. Shimo likibaki kote kuwili, mtoto amevimba maji, hajanenepa. Huenda ana utapiamlo mkali, na rufaa ni siku hiyo hiyo.

Kisha mizani. Vua viatu, nguo nzito, bangili na nepi, maana nepi iliyolowa inaongeza uzito wa bure. Mizani ya kuning'iniza irudishwe sifuri baada ya kutundika mfuko wake, si kabla. Urefu unataka watu wawili. Aliye chini ya miaka 2 alazwe ubaoni, mmoja ashike kichwa, mwengine anyooshe magoti. Aliyefika miaka 2 asimame, visigino vimegusa ubao, nywele zilizofungwa juu zifunguliwe. Goti likipinda anaonekana mfupi, na kwenye chati atatokea mnene kuliko alivyo. Mdogo akikataa kabisa kulala, mpime amesimama uongeze sm 0.7.

Tumia chati ya uzito kwa urefu ya Shirika la Afya Duniani. Kwa walio chini ya miaka 5, juu ya mstari wa +2 kwenye chati ni uzito uliozidi, juu ya mstari wa +3 ni unene wa kupindukia. Kati ya +1 na +2, fuatilia tu. Utepe wa mkono uache, kazi yake ni kumtambua aliyekonda.

Sasa mazungumzo, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Ukisema "mwanao mnene" mbele ya foleni, mama anasikia husuda, na kliniki ijayo haji. Mwite pembeni, anza na mashaallah, kisha mwonyeshe mstari: "Mama Fatma, uzito umekwenda mbio kuliko urefu. Tuusubiri urefu uufikie." Uliza pia nani anamlisha mchana. Ikiwa ni bibi, basi bibi ndiye wa kuitwa, tena kwa heshima zake. Mama akirudi nyumbani na amri za daktari peke yake, hazifiki jikoni.

Omba akuhesabie jana yote, tangu mtoto alipoamka mpaka alipolala. Hesabu sukari kwanza. Kijiko cha chai ni gramu 4 hivi. Mtoto wa miaka 2 au 3 hafai kuzidisha vijiko 6 kwa siku nzima, na aliye chini ya miaka 2 haongezewi kabisa. Chai asubuhi na jioni, vijiko vitatu kila kikombe, kiwango kimekwisha kabla ya malai na juisi ya pakti. Chai yenyewe, hata isiyo na sukari, inazuia madini ya chuma kuingia mwilini, kwa hiyo haimfai mtoto mdogo.

Agiza badiliko moja kwa kila ziara, si matano. Mara nyingi la kwanza ni kinywaji: maji badala ya soda na juisi, sukari ya uji ipunguzwe nusu kijiko kila wiki. Ziara ya pili, chakula cha kati: embe, chungwa au kipande cha shelisheli la kuchemsha badala ya maandazi na chipsi. Aliyepita mwaka mmoja anatosheka na maziwa nusu lita kwa siku, na chupa ya kulalia iachwe. Wali, samaki, maharage na mchicha vibaki, ila tui liwe jepesi. Futari yenye kalimati haina haja ya kupigwa marufuku. Mtoto apewe mbili, sahani iondoke. Siku ya Idi mwacheni ale.

Usimpunguzie nyonyo mtoto anayenyonya, wala usimpe yeyote dawa ya kukonda. Shabaha si kushusha kilo. Mtoto wa miaka mitatu au minne hurefuka sm 6 hadi 8 kwa mwaka. Uzito ukisimama miezi sita, chati inaanza kujirekebisha yenyewe. Mpime kila mwezi au miezi miwili. Simu na televisheni: hakuna kabla ya miaka 2, baada ya hapo isizidi saa moja kwa siku. Acheze nje, alale mapema.

Wengi huacha kuja baada ya chanjo ya miezi 18, basi siku za matone ya vitamini A zitumike kupima urefu pia.

Mpeleke hospitali ya wilaya aliye juu ya +3, mnene lakini mfupi kwa umri wake, anayekoroma na kukatika pumzi usingizini, anayechechemea, aliyechelewa kutembea au kusema, asiyeshiba kamwe, au aliyetumia dawa za steroidi (dawa kali za kutuliza uvimbe na mzio) kwa muda mrefu, zikiwemo krimu za ngozi. Andika vipimo vyote kwenye barua ya rufaa, pamoja na tarehe za ziara zilizopita.