Bastola ya kwanza ukiwa Marekani na hela ni za mawazo: anza na makaratasi

Ndugu zangu, hili swali naulizwa sana siku hizi, hasa na watu wanaotoka shifti usiku wa manane, au wamehamia mtaa mpya na wiki ya kwanza tu gari limevunjwa kioo: "nina dola mia nne, nataka bastola ya kulinda nyumba, ninunue ipi?" Mimi huwa nawarudisha nyuma kidogo, hizo mia nne tuziweke pembeni, kwanza niambie uko hapa kwa karatasi gani.

Sheria ya shirikisho iko wazi kwamba mtu aliyeingia na viza ya muda, iwe F-1 ya masomo, H-1B ya kazi au B-2 ya matembezi, kwa kawaida haruhusiwi kuwa na bunduki wala risasi. Kuna visamaha vichache, mfano kibali halali cha uwindaji kutoka jimboni, lakini usikitegemee hicho kabla hujakaa na mwanasheria. Na usidhani kosa ni kununua tu, hata ile bastola ya kukodi kule renji (uwanja wa kulenga shabaha) ukaishika nusu saa na washkaji inahesabika kuwa ulikuwa nayo. Aliyepitiliza viza au hana karatasi kabisa asiguse. Mwenye grin kadi (ukaazi wa kudumu) anaruhusiwa, raia anaruhusiwa, ila mwenye grin kadi akumbuke kwamba akikutwa na hatia ya kosa la bunduki anaweza kufukuzwa nchini hata kama amekaa miaka 20 na watoto wake wamezaliwa hapa. Kwa hiyo kosa ambalo kwa jirani yako raia ni faini na wakili, kwako wewe linaweza kuwa tiketi ya kurudi.

Dukani utajaza Fomu 4473, ile ya shirikisho ya kununua bunduki, utaonyesha kitambulisho chenye anwani unayoishi sasa hivi (wengi hapa ndo hukwama, wamehama mara tatu na leseni bado ina anwani ya shemeji), alafu muuzaji atakucheki rekodi yako kwenye mfumo wa FBI. Bastola kwa muuzaji mwenye leseni ni miaka 21 kwenda juu na unanunua kwenye jimbo unaloishi. Fomu inauliza kama unatumia bangi, na imeandika onyo kabisa kwamba kwa shirikisho ni haramu hata kama jimbo lako limeruhusu, usidanganye hapo. Inauliza pia kama bunduki ni ya kwako kweli, na hili nalisema kwa uchungu kwa sababu sisi watu wa kusaidiana tunaona ni kitu kidogo: "dada, wewe una grin kadi, nichukulie tu nitakurudishia hela." Usikubali, hata kwa kaka yako wa tumbo moja. Kumnunulia mtu asiyeruhusiwa kunaweza kukupeleka jela hadi miaka 15 kwa sheria ya 2022.

Majimbo nayo kila moja na yake. Minnesota unahitaji kibali cha polisi kabla ya kununua bastola, Illinois lazima uwe na kadi ya FOID (kitambulisho cha jimbo cha kumiliki bunduki), New Jersey na New York vibali kabla ya kununua, California kuna mtihani na kusubiri siku 10. Texas ni rahisi zaidi. Ukihama jimbo usibebe tu kwenye buti ukidhani mambo ni yale yale, kuna majimbo kama California na New Jersey ambayo magazini (kile kisanduku cha risasi) ya zaidi ya risasi 10 tayari ni tatizo.

Haya, sasa hela. Kama una 400, usitafute bastola ya 400. Bastola ni nusu ya bajeti, au nusu na kidogo. Inayobaki inaenda kwenye sefu ndogo ya kufungua haraka, risasi za mazoezi, vizibo vya masikio, na angalau darasa moja na mkufunzi anayeeleweka. Mtu akinunua bastola ya bei mbaya alafu hana hela ya risasi, ataifyatua mara moja siku ya kwanza kisha ikae kabatini miaka miwili, na siku ya kuihitaji mikono haijui chochote.

Ipi sasa. Chukua bastola ya risasi za 9mm, ndo risasi ya bei ya chini kuliko zote za bastola kubwa, inapatikana kila duka, na polisi wengi wamerudi kwake. Kwa mpya za bei ya chini watu wanaziamini Taurus G3c, Ruger Security-9 na Smith & Wesson za familia ya SD9, mara nyingi zinacheza kati ya dola 250 na 400 kutegemea duka na msimu, kwa hiyo mwenye 400 lenga za upande wa chini au mtumba. Glock 19 ni nzuri mno lakini mpya inavuka hapo, ila ya mtumba inawezekana, na mtumba wa bastola si aibu, zile zilizorudishwa na polisi huwa zimechubuka nje kwa kuingia na kutoka kwenye holsta (ala ya kiunoni) lakini ndani zimefyatuliwa kidogo. Ila angalia kaliba, yaani ukubwa wa risasi, kabla hujalipa, nyingi za polisi ni .40, inapiga teke zaidi na risasi zake zina bei.

Kosa ninaloliona zaidi, hasa kwa dada zetu, ni kuuziwa kadogo. Nilimsindikiza dada mmoja, nesi, tukafika duka fulani na yule wa kaunta hata hakumuuliza anataka ya nini, akamtolea kabastola ka mfukoni ka .380, "hii ni ya wanawake." Kanakaa vizuri kiganjani, kepesi, kanapendeza. Nikamwomba twende kwanza renji tukakodi kanakofanana nako. Risasi ya tano alishaanza kufumba macho kabla ya kuvuta, ya kumi ngozi katikati ya kidole gumba na cha shahada imekuwa nyekundu, na shabaha zake zimetawanyika karatasi nzima kama mtu amemwaga mchele. Tukabadilisha, akapewa 9mm ya ukubwa wa kati, nzito karibu mara mbili, na hapo hapo risasi zake zikakusanyika ndani ya sahani. Uzito unameza teke. Ndogo ni ngumu kuliko kubwa, hii watu hawaamini mpaka ziwaumize.

Rivolva fupi ya .38, ile bastola ya silinda inayozunguka, nayo wanaisifia kwamba ni rahisi, na kweli haina mambo mengi, lakini triga (kifyatulio) yake ni nzito, mtu anavuta na mkono mzima unatetemeka, na ndani kuna risasi tano tu. Kama tatizo lako ni nguvu za kuvuta slaidi, ile sehemu ya juu ya bastola inayorudi nyuma (wazazi wetu wenye baridi yabisi mnanielewa), ulizia Shield EZ ya Smith & Wesson, imetengenezwa slaidi iwe laini, na ukiipata mtumba bei inashuka.

Ukiwa kaunta, mwombe muuzaji ahakikishe haina kitu, nawe mwenyewe uangalie chemba (pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa) kwa macho na uingize ncha ya kidole. Shika kwa nguvu, kidole chako kinafika kwenye triga bila kupindisha kiganja? Slaidi unaivuta mpaka mwisho bila kuigeuza mtutu kwa mtu? Kitufe cha kutolea magazini unakifikia? Kama jibu moja ni hapana irudishe, hata kama ina ofa.

Risasi za ndani ya nyumba ziwe zile zenye kichwa cha shimo, zinapanuka zikigonga. Za mazoezi zenye kichwa cha mviringo zinatoboa zaidi, na kuta za apatimenti zetu ni jipsamu, nyuma yake kuna mtoto wa jirani. Nunua boksi, fyatua za kutosha kujua bastola yako inazila bila kukwama, ndo uiamini.

Tochi ni lazima. Sisi nyumba zetu watu wanaingia saa nane usiku, mmoja katoka dabo shifti, mwingine ni binamu kaja na funguo ya ziada hakupiga simu. Usielekeze bastola kwa kivuli. Washa taa, ita jina, ujue ni nani, na kidole kikae nje ya triga mpaka umeamua kufyatua.

Kuhusu watoto sina lugha laini. Juu ya kabati si sefu, chini ya godoro si sefu, mtoto wa miaka minne anapanda kiti. Bastola mpya ya dukani inakuja na kufuli, na vituo vingi vya polisi vinagawa kufuli za waya bure, lakini sefu ya dola chache iliyofungwa kwa bolti ndo inafaa. Na kama nyumbani kuna mtu amezama kwenye mawazo, amepoteza kazi, ndoa inavunjika, au ni wewe mwenyewe, ahirisha ununuzi, na kama ipo tayari itoke humo ndani kwa muda kwa njia ambayo sheria ya jimbo lako inaruhusu. Zaidi ya nusu ya vifo vya bunduki nchi hii ni watu kujiua, na kwenye jamii zetu hayo tunayaficha.

La mwisho, begi. Begi la kwendea renji lisiwe hata siku moja begi la safari. Risasi moja iliyobaki kwenye kona ya mfuko itaonekana kwenye mashine ya uwanja wa ndege, na huko kwetu Nairobi, Dar au Entebbe kukutwa na risasi bila leseni ni kosa la jinai, hata kama uliisahau tu. Nunua begi jekundu au la rangi ambayo huwezi kukosea, liandike, na liache kwenye stoo.