Pete ya Fokasi Isiyo na Uzito: Namna ya Kuuzoesha Mkono

Mpigapicha aliyezoea lenzi za zamani hulalamika, anaposhika kamera isiyo na kioo cha kuakisi ndani (mirrorless) kwa mara ya kwanza, kwamba pete ya fokasi, ile inayozungushwa kwenye lenzi ili picha iwe kali, haina uzito wala haimjibu, na malalamiko hayo yana msingi. Katika lenzi za zamani pete iliunganishwa na vioo vya ndani ya lenzi kwa hesi za chuma, hivyo mkono ulivisogeza wenyewe. Katika lenzi nyingi za sasa sensa husoma mzunguko wa pete, kisha mota ndiyo husogeza vioo. Mkono unapeleka ombi tu. Maelezo haya ndiyo ninayowapitisha vijana wanaonisaidia kazi za harusi hapa Mwanza.

Hatua ya kwanza ni kuzungusha pete kamera ikiwa imezimwa. Ikiwa inazunguka bila kugota popote, karibu kila mara ni ya umeme, na kuizungusha wakati huo hakusogezi kitu. Usihukumu kwa kugota peke yake, hata hivyo: pete ya Olympus M.Zuiko 12-40mm f/2.8 PRO ukiivuta nyuma huonyesha alama za umbali na kugota pande zote mbili, ilhali kinachosogeza vioo bado ni mota.

Hatua ya pili ni kuitambua mota. Mota ya stepa, iliyo katika lenzi nyingi nyepesi, huzunguka kwa vipande vidogovidogo vya mzunguko na kwa kawaida huvisogeza vioo kwa skrubu nyembamba. Mota ya mstari hutumia sumaku na koili kuvitelezesha vioo kwenye reli bila gia, kwa wepesi na ukimya, lakini umeme ukikatika mara nyingi hakuna kinachovishikilia. Ndiyo maana ukiitikisa lenzi ya namna hiyo iliyozimwa, husikika kitu kikigonga ndani. Niliwahi kumrudishia muuzaji lenzi nzima kwa sababu ya mlio huo, nikapoteza nauli na nusu siku.

Hatua ya tatu ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote. Bandika kipande cha selotepu kwenye pete na kingine kwenye mwili wa lenzi, vikabiliane. Weka chupa mezani umbali wa mita moja, ipate fokasi, kisha zungusha pete robo duara polepole na utazame fokasi imefika wapi. Irudishe kwenye chupa, halafu zungusha robo ileile kwa haraka. Ikiwa safari hii fokasi imekwenda mbali zaidi, pete inafuata kasi ya mkono, na hakuna mkono unaoweza kukariri mwendo wa namna hiyo bibi harusi anapotembea kutoka mlangoni hadi jukwaani. Ingia kwenye menyu, utafute mpangilio unaofuata pembe badala ya kasi. Baadhi ya kamera za Panasonic Lumix S na Nikon Z hukuruhusu hata kuchagua pete izunguke nyuzi (digrii) ngapi kutoka fokasi ya karibu kabisa hadi ya mbali kabisa. Mimi hupendelea 180: kwa 90 kutetemeka kidogo tu kwa kidole kunaonekana kwenye video, na kwa 360 hulazimika kuiachia pete na kuishika upya katikati ya mwendo.

Hatua ya nne ni mazoezi, na mahali pazuri ni Capri Point, hapa Mwanza kando ya Ziwa Victoria, usiku wa giza, siku ambazo mwezi hautoi na mitumbwi ya dagaa imewasha taa ziwani. Fokasi otomatiki huhangaika mbele na nyuma juu ya maji meusi. Izime, kuza picha kwenye skrini, uchague taa moja. Itaonekana kama duara pana. Zungusha pete hadi duara lisinyae kuwa nukta, endelea kidogo mpaka lianze kupanuka tena, kisha rudi kwenye nukta ndogo kabisa. Usizungushe hadi mwisho ukidhani huko ndiko mbali kabisa, kwa maana lenzi nyingi huachiwa nafasi ya kupita hapo. Kumbuka pia kwamba kamera kadhaa husahau mahali pa fokasi zinapozimwa, kwa hiyo weka betri iliyojaa kabla ya kutafuta nukta yako, si baada yake.