Jinsi ya kuomba kibali cha kupiga picha ndege wa pwani hapa Dar (angalia maji kwanza)

Kabla ya barua, kabla ya kopi ya NIDA, tafuta jedwali la maji kupwa na kujaa la bandari ya Dar, mtandaoni lipo bure, au muulize mvuvi yeyote pale Kunduchi atakwambia bila hata kutoa simu mfukoni. Mwaka juzi mi nilipewa kibali safi kabisa, muhuri umekaa, ila siku moja tu, saa tatu hadi saa sita asubuhi, tena siku ya bamvua, yale maji yanayokupwa mbali na kujaa sana. Nafika maji yametoka huko mbali, ndege wote vidoti kwenye tope, lenzi inaona mvuke wa joto tu. Kosa langu, ndivyo nilivyoomba mwenyewe.

Iko hivi. Siku za bamvua, yani mwezi mwandamo na mwezi mpevu na siku moja mbili baada yake, maji ya Dar yanakupwa mida ya saa nne saa tano asubuhi na yanajaa saa kumi, kumi na moja jioni. Ndege wanakula maji yakiwa nje, yakianza kurudi yanawasukuma kuelekea ulipo, kwahiyo masaa mawili kabla hayajajaa kabisa ndo muda wako, ndege kama sululu mwenye mdomo mrefu uliopinda, yangeyange, na yule mweupe na mweusi mwenye mdomo mnene wa kupasulia kaa, kitaalamu Dromas ardeola, wanakusogelea wenyewe we umekaa kimya, na jua la jioni liko nyuma yako upande wa nchi kavu. Wale wanaotoka Ulaya na Siberia wanaanza kufika mwezi wa 8 na wa 9, mwezi wa 4 wengi wanaondoka.

Haya, kibali. Inategemea unasimama wapi. Mikoko ni msitu wa hifadhi, iko chini ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu, so ukitaka kuingia ndani kule Kunduchi au Mbweni barua inaenda ofisi ya TFS ya wilaya. Visiwa vya Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini viko chini ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu, kiingilio kinalipwa, na kama ni kazi ya kulipwa waulize mapema. Tangazo au dokumentari, Bodi ya Filamu. Droni ni TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga, usirushe kwanza ndo ukaombe. Pale daraja la Selander mdomoni mwa Msimbazi, ukiwa barabarani, mi sijawahi kudaiwa barua, ila lenzi ndefu isielekee majengo ya serikali wala kambi za jeshi, hapo utajieleza mpaka usiku.

Anzia serikali ya mtaa unakokaa, chukua barua ya utambulisho. Halafu yako mwenyewe, ukurasa mmoja unatosha, na katikati YAH: MAOMBI YA KIBALI CHA KUPIGA PICHA ZA NDEGE. Sema we ni nani, mko wangapi, mnabeba nini, sehemu gani hasa (sio "pwani ya Dar" tu jamani), na hapo kwenye muda ndo uweke akili, omba siku tatu mfululizo za bamvua, saa nane mchana hadi saa kumi na mbili jioni, na ueleze kwamba ni kwasababu ya maji, maana ofisi yenyewe inafunga mapema na wasipojua sababu wanakuandikia muda wao. Picha zinaenda wapi, andika ukweli. Ukisema matumizi binafsi halafu zikaonekana kwenye bango la hoteli, safari ijayo usiende.

Peleka kopi mbili, masijala wakugongee muhuri wa kupokelewa kwenye ya kwako, hiyo ndo utashika ukienda kufuatilia, na kufuatilia lazima, barua haina miguu. Kama kuna ada unapewa kontrol namba, unalipa benki au kwa simu. Mkononi hapana, hata kama anayeomba ni mcheshi vipi.

Kibali kikitoka kisome hapohapo kaunta, tarehe, saa, majina, msaidizi ambaye jina halipo anaweza kubaki nje na begi lako la lenzi. Kitie kwenye plastiki. Na vaa raba za kufunga kamba, tope la mikoko likishavua ndala halirudishi.