Mwalimu mpya wa mwambaoni, uangalie na mwezi

Ukipangiwa shule ya mwambaoni mwa Ziwa Victoria, Ukerewe au Sengerema, usikimbilie fimbo darasa likipungua asubuhi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Kukicha mitumbwi inarudi, na watoto wengi huwasaidia mama zao kuanika. Utawaona wanaingia saa mbili na nusu, magamba yamewaganda mikononi, macho mazito kwa usingizi. Mbalamwezi ikitanda wavuvi hupumzika na madawati yanajaa. Kwa hiyo mada ngumu, kama sehemu katika hesabu, zipange siku za mbalamwezi. Za giza fanya marudio. Na jioni nenda mwaloni, mitumbwi inapotia nanga, wewe mwenyewe, uwape wazee shikamoo zao, muongee. Mimi nilichelewa kulijua hili muhula mzima, na wanafunzi wangu ndio walioumia.