Bendi ya shule, shoo ya kwanza angalieni spidi
Madogo mnaojiandaa kupiga rock live shuleni mara ya kwanza, kinachoharibu sana ni spidi, maana moyo ukienda mbio mpiga dramu naye anakimbia na wote mnamfuata mpaka mwimbaji anakosa hata pa kuvuta pumzi. Mpiga dramu awe na metronomu kwenye simu, yaani programu inayogonga mapigo kwa spidi moja, aisikilize kidogo kabla ya kuhesabu moja mbili tatu nne, kila wimbo, sio wa kwanza tu. Maiki zisielekee spika, la sivyo ule mlio wa kutoboa masikio hauishi. Na nyuzi mpya za gitaa fungeni siku kadhaa kabla jamani, zikifungwa asubuhi ya shoo zinaendelea kuvutika na gitaa linapoteza tyuni katikati ya wimbo.